Kuovakloki prosesa ya simu ya Android iliyorutiwa: mwongozo kamili kwa sisi wa joto la Dar

Naanza na simu yangu mwenyewe maana ndo nitaitumia kama mfano mwanzo mpaka mwisho. Ni Redmi Note 4 ya Xiaomi niliyoichukua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ikiwa used, ile yenye Snapdragon 625, na nasisitiza hapo kwa sababu Redmi Note 4 ziko mbili, ya kwanza ilitoka 2016 na prosesa ya MediaTek Helio X20, alafu mwanzoni mwa 2017 ikaja hii ya Snapdragon, jina lile lile lakini ndani ni simu mbili tofauti kabisa. Ukichukua keneli (moyo wa mfumo wa simu, ndo unaoiongoza prosesa) ya hii ukaiflashi, yaani ukaiandika ndani ya ile, simu haiwaki. Kwa hiyo kabla ya yote jua simu yako ni ipi hasa, usiamini boksi wala maneno ya muuzaji, ingia kwenye mipangilio au tumia programu ya CPU-Z usome jina la prosesa kwa macho yako.

Sasa kuovakloki ni nini. Prosesa inapiga mapigo, na kila simu imepewa ngazi za spidi inazopanda na kushuka kulingana na kazi. Ya kwangu ngazi ya juu ni megahezi 2016, yaani ile "2.0" inayoandikwa kwenye matangazo. Kuovakloki ni kuiongezea ngazi juu ya ile iliyowekwa kiwandani. Mbona inawezekana? Kwa sababu kiwanda kinaweka namba ambayo kila chipu inayotoka pale itaimudu bila shida, hata ile dhaifu kuliko zote, kwa hiyo nyingi zinabaki na akiba. Qualcomm wenyewe, watengenezaji wa Snapdragon, walitoa Snapdragon 626 ambayo ni 625 ile ile imepandishwa mpaka gigahezi 2.2, ndo maana watengenezaji wengi wa keneli za simu hii wanaongeza ngazi ya 2208 na wala hawabahatishi.

Ila sikiliza hesabu hii kwanza kabla hujafurahi. Kutoka 2016 mpaka 2208 ni ongezeko la karibu asilimia 9.5, hiyo ndo faida ya juu kabisa unayoweza kupata, haizidi hapo. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na spidi lakini pia unapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo kama ngazi mpya inahitaji volti asilimia 5 zaidi, unachukua 1.05 mara 1.05 mara 1.095 unapata karibu 1.21, yaani spidi umeongeza asilimia 9 na kitu lakini umeme na joto umeongeza asilimia 21. Na huku kwetu Januari mpaka Machi mchana ni nyuzi 31, 32, hewa nzito, jasho halikauki. Simu inapoza kwa kutoa joto kwenda hewani na hewa yenyewe tayari ina joto. Kwa hiyo mi nikiulizwa na mtu wa Dar simu yake inaweza kufika ngapi, namuuliza yeye kwanza anataka ikae hapo dakika ngapi. Kufika 2208 ni rahisi, kukaa 2208 ndo shughuli, na mwongozo wote huu unahusu kukaa.

SIMU YAKO INAKUBALI AU UNAJISUMBUA BURE

Hapa watu wanapoteza wiki nzima. Kuruti simu hakukupi ngazi mpya za spidi, kunakupa ruhusa tu ya kugusa faili za mfumo. Ngazi zenyewe zimeandikwa ndani ya keneli, na keneli ya kiwandani inaishia pale ilipoishia. Fungua programu yoyote ya terminali (Termux inatosha), andika su (amri ya kuomba ruhusa hiyo), kubali ombi la Magisk (programu inayoruti simu na kusimamia ruhusa hiyo), alafu andika:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_available_frequencies

Zitakuja namba ndefu ndefu, ni kilohezi hizo, 2016000 ni megahezi 2016. Namba ya mwisho ndo dari lako. Ukijaribu kuandika kubwa zaidi ya hiyo kwenye faili la scaling_max_freq, mara nyingi hutaona kosa lolote, itakubali kimya kimya alafu ukisoma tena unakuta imebaki pale pale. Watu wengi wanadhani wameovakloki kumbe hamna kitu kimebadilika, kwa hiyo kila ukiandika namba, isome tena.

Kama simu yako ina prosesa ya makundi mawili au matatu, yaani viini (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) vidogo vya kubana matumizi na vikubwa vya kazi nzito, basi kila kundi lina ngazi zake, soma cpu0 alafu soma cpu4, na kwenye nyingine cpu6 au cpu7. Usichanganye namba za kundi moja na jingine.

Dari likiwa fupi unahitaji keneli ya watu binafsi iliyotengenezwa kwa ajili ya simu yako. Keneli ya Android ni Linux, na Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo anayeuza simu anatakiwa atoe chanzo cha keneli yake. Pale wanapokitoa mapema na kikiwa kamili, mafundi duniani kote wanakaa wanatengeneza, pale wanapochelewa hamna kinachotokea. Ndo maana Xiaomi za zamani, OnePlus za zamani na Nexus zina keneli kibao wakati Tecno, Infinix na itel ambazo ndo zimejaa mikononi mwetu zina chache sana, nyingine hazina hata moja. Huawei walisitisha kutoa kodi za kufungua butiloda (programu inayoiwasha simu, kiwandani inafungwa) 2018, kwa hiyo za baada ya hapo sahau. Samsung zenye Knox, ulinzi wao wa ndani, ukiflashi kitu kisicho rasmi kuna fyuzi ya ndani inakatika moja kwa moja na hairudi, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani Samsung Pay na Secure Folder hazikubali tena.

Na kama una Snapdragon 845 ya 2018 au mpya zaidi, nakuambia ukweli ili usipoteze bando lako: kwenye hizo jedwali la spidi linashikwa na chipu yenyewe, keneli inalisoma tu, haiwezi kuongeza ngazi. Utaona watu wanatangaza keneli ya kuovakloki kwa simu hizo, mara nyingi ni GPU (chipu ya picha) ndo imepandishwa, viini vya prosesa viko pale pale. Wewe ruka mpaka sehemu ya gavana na ya joto, huko ndo kuna faida yako.

MAANDALIZI, USIRUKE HAPA

Kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwenye simu. Picha, meseji, namba, vyote. Xiaomi wanakusubirisha, mara nyingi saa 168 yaani siku saba, kwa hiyo tumia wiki hiyo kuhamisha vitu vyako kwenye kompyuta au kadi.

Pesa. Programu nyingi za benki na baadhi za pesa za simu zikigundua ruti zinakataa kufunguka. Menyu ya kupiga nyota na reli inaendelea kufanya kazi kwa sababu inapita kwenye mtandao wa simu sio kwenye programu, lakini kama biashara yako yote iko kwenye programu ya benki, fanya haya kwenye simu ya pili, sio kwenye simu ya kazi.

IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Hili linaumiza watu. Ukiwa umesharuti, kabla ya kuflashi chochote zaidi, ingia rikavari ya TWRP (mfumo mdogo wa kuhifadhi na kurudisha vitu, unawashwa nje ya Android), chagua bekapu, weka alama kwenye EFS na Persist, hifadhi, alafu hamishia kompyuta. Ukiharibu sehemu hizo simu inapoteza IMEI na haishiki mtandao wowote, na hapa Tanzania tangu Juni 2016 simu zisizo na IMEI halali zilizimwa kwenye mitandao. Usiende kwa fundi akuandikie IMEI nyingine, Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili IMEI na ni kosa la jinai, wewe tunza bekapu yako utarudisha ile ile ya simu yako.

Kompyuta. Tumia laptop yenye betri inayokaa na chaji, sio desktop ya kutegemea umeme wa ukutani, maana umeme ukikatika katikati ya kuflashi ndo unaanza kutafuta watu usiku. Simu iwe na chaji asilimia 60 kwenda juu. Waya uwe wa data, nyingi za buku mbili za barabarani zinachaji tu, kompyuta haioni kitu.

Na kitu ambacho hakiandikwi sana: hali ya simu yenyewe. Yangu nilipoipeleka kubadilishiwa tundu la chaji, fundi aliifunga bila kurudisha ile karatasi nyeusi ya grafaiti inayosambaza joto kutoka kwenye prosesa kwenda mgongoni. Sikujua. Miezi miwili simu inawaka moto kwa WhatsApp tu, nikawa nalaumu mfumo, mpaka nilipoifungua mwenyewe nikaona hamna kitu pale. Karatasi hizo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri Kariakoo, ni bei ndogo sana. Kama simu yako imewahi kufunguliwa, hakikisha hilo kwanza. Na betri iliyochoka haivumilii kuovakloki, prosesa ikivuta umeme mwingi kwa ghafla volti ya betri inaanguka simu inazima na asilimia 30 bado zipo, hapo hata keneli nzuri vipi hutafika popote, badilisha betri.

HATUA YA KWANZA: PIMA KAMA ILIVYO

Usipandishe kitu kabla hujajua simu yako ikoje sasa hivi. Toa kava, iweke mezani mbali na jua, iache itulie nusu saa. Alafu kwenye terminali, ukiwa su, andika hii kuipa kazi viini vyote vinane (kama yako ina viini vinne andika mpaka 4):

for i in 1 2 3 4 5 6 7 8; do yes > /dev/null & done

Hapo prosesa inafanya kazi kwa asilimia mia. Iache dakika 15, kila baada ya dakika mbili tatu soma spidi na joto:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq
cat /sys/class/power_supply/battery/temp

Joto la betri linakuja kwa sehemu za kumi, 385 maana yake nyuzi 38.5. Kuona joto la prosesa andika:

for z in /sys/class/thermal/thermal_zone*; do echo $(cat $z/type) $(cat $z/temp); done

Itatoka orodha ndefu, tafuta majina yenye cpu au tsens. Simu nyingine zinaandika nyuzi moja kwa moja, nyingine kwa elfu, 62000 ni nyuzi 62, utaelewa ukiangalia simu ikiwa imetulia. Ukimaliza zima kazi kwa:

killall yes

Andika kwenye karatasi: spidi ya mwanzo, spidi ya dakika ya 15, joto la prosesa, joto la betri. Karatasi hiyo ndo mzani wako. Kama simu yako ikiwa ya kawaida tu tayari inaanguka kutoka 2016 mpaka 1689 kabla ya dakika kumi, basi kuongeza ngazi ya 2208 hakutasaidia chochote, itafika juu haraka zaidi na kuanguka haraka zaidi, tatizo lako ni upoozaji, anza na hilo.

HATUA YA PILI: RUTI, KWA KIFUPI

Hii imeelezwa sana sitaki kurudia. Butiloda ikishafunguka, chukua faili la boot.img (ndimo keneli ilimo) la mfumo ule ule ulio kwenye simu, namba ya toleo ifanane kabisa, lipitishe kwenye Magisk, itakupa faili jipya, alafu kwenye kompyuta yenye adb na fastboot (zana za kuongea na simu kwa waya):

adb reboot bootloader
fastboot flash boot magisk_patched.img
fastboot reboot

Jina la faili litakuwa na herufi za ziada, andika kama lilivyo. Lile boot.img la asili usilifute, liweke kwenye laptop na kwenye flashi, ndo litakalokuokoa baadae.

HATUA YA TATU: KENELI

Unapotafuta keneli angalia vitu vitatu. Jina la ndani la simu (yangu ni mido), toleo la Android, na aina ya mfumo, kama ni MIUI ya Xiaomi au ni ROM nyingine, yaani mfumo wa watu binafsi, kama LineageOS. Keneli ya LineageOS kwenye MIUI mara nyingi inawaka lakini Wi-Fi haishiki au kamera inakuwa nyeusi au simu haizimi kioo ukiweka sikioni, na mtu anakaa siku tatu anatafuta dawa ya Wi-Fi wakati ugonjwa ni keneli. Soma pia mtengenezaji ameandika ngazi ya juu ni ngapi, kama hajaandika achana nayo.

Hifadhi kwanza keneli iliyopo. Kwenye terminali:

dd if=/dev/block/bootdevice/by-name/boot of=/sdcard/boot-nzima.img

Njia hiyo ni ya simu za Qualcomm, kwa nyingine jaribu /dev/block/by-name/boot. Hamishia faili kompyuta mara moja, likibaki ndani ya simu isiyowaka halina faida.

Kama keneli imekuja kama boot.img, kuna ujanja mzuri sana, badala ya kuiflashi unaiwasha kwa muda tu:

fastboot boot keneli-mpya.img

Simu inawaka na keneli mpya bila kuandikwa popote, ukiizima na kuwasha inarudi ya zamani. Sio simu zote zinakubali, ila kama yako inakubali tumia hii kwanza, kagua Wi-Fi, simu ya kupiga, kamera, bluetooth, chaji. Kama imekuja kama zipu, ingia TWRP uiflashi hapo, ukirudi hakikisha Magisk bado ipo, kama imepotea flashi zipu ya Magisk tena.

Ikiwaka, usipandishe kitu. Tumia siku nzima kwa spidi ya kawaida. Najua mkono unawasha, lakini ukipandisha siku hiyo hiyo na simu ikaanza kujizima hutajua kama ni keneli mbovu au ni spidi.

HATUA YA NNE: KUPANDISHA

Soma tena scaling_available_frequencies, sasa hivi ngazi mpya inatakiwa ionekane. Watu wengi wanatumia programu yenye vitufe, Kernel Adiutor, SmartPack au Franco Kernel Manager, ni sawa tu, ndani zinafanya kitu hiki hiki:

echo 2208000 > /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_max_freq

Alafu soma tena kuthibitisha. Kama keneli yako imeweka ngazi tatu nne za ziada panda moja moja, kila ngazi na mtihani wake, usirukie ya juu.

Kwenye programu hizo kuna kitufe cha kuifanya mipangilio ijiweke kila simu ikiwaka. USIKIGUSE KWA SASA. Mi nilikigusa. Kulikuwa na keneli yenye ngazi juu ya 2208, nikaipandisha, ikaonekana safi dakika tano, nikawasha kitufe nikaenda kulala. Usiku simu ikajizima, ikiwaka inafika kwenye kioo cha kufungua, mipangilio inajiweka, inaganda, inajizima, inawaka tena, hivyo hivyo mpaka betri ikaisha. Asubuhi umeme wa nyumbani umeisha kwenye LUKU na pesa ya kununulia iko kwenye laini iliyo ndani ya simu hiyo, nikahamishia laini kwenye kiswaswadu cha mama ndo nikanunua umeme, alafu nikatafuta laptop nikarudisha boot.img ya asili. Kama kitufe kile kingekuwa kimezimwa, ningebonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi na yote yangekuwa yameisha, kwa sababu namba unayoandika kwa echo inapotea simu ikizimwa. Usalama wako wote uko hapo.

HATUA YA TANO: MTIHANI

Rudia kile kipimo cha yes cha dakika 15, mahali pale pale, muda ule ule wa siku. Muda una maana, ukipima kabla saa nane mchana alafu ukapima baada saa nne usiku feni ikiwa imewashwa, hujalinganisha kitu. Angalia mambo haya.

Simu ikiganda au kujizima, chipu yako haimudu ngazi hiyo kwa volti iliyopewa. Ikiwaka soma /sys/fs/pstore/console-ramoops (simu za zamani ni /proc/last_kmsg), mle ndo keneli inaacha maneno yake ya mwisho kabla ya kufa, kama uliomba msaada kwa mtengenezaji hicho ndo atakachokuuliza.

Programu zikiwa zinajifunga zenyewe moja moja bila simu kuzima, hiyo pia ni dalili ya spidi kuzidi, prosesa inakosea hesabu kidogo kidogo. Hii ni mbaya kuliko kuzima maana inaweza kuandika data mbovu kwenye hifadhi bila wewe kujua. Shuka ngazi, usibishane nayo.

Alafu linganisha spidi ya dakika ya 15 na ile ya kwenye karatasi. Na hapa kuna faili naipenda kuliko zote:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/stats/time_in_state

Inakuonyesha kila ngazi imetumika muda gani tangu simu iwake, kwa vipande vya sehemu ya mia ya sekunde, 6000 ni dakika moja. Tumia simu siku yako ya kawaida, daladala, kazini, gemu jioni, alafu isome usiku. Kama 2208000 ina dakika mbili na 1401600 ina saa tatu, kuovakloki kwako ni kwa jina tu.

Yangu mchana wa Februari nikiwa na kava ilikuwa inakaa 2208 dakika chache inashuka chini kuliko ilivyokuwa ikishuka kabla sijaovakloki. Yaani nilikuwa nimeifanya simu iwe slo kwa kuiongezea spidi. Nilipotoa kava na kurudisha ile grafaiti ndo ikaanza kukaa.

JOTO

Mipaka yangu mi ni hii: betri ikifika nyuzi 45 naacha, prosesa ikikaa juu ya 85 kwa muda naacha. Betri za lithiamu zinazeeka haraka zikichemka, na ndo zinazovimba kusukuma kioo. Kwa hiyo usicheze gemu huku unachaji, chaji inaleta joto lake na prosesa lake, vyote vinaishia kwenye betri.

Utakuta watu wanashauri kuzima ulinzi wa joto, kuua huduma ya thermal-engine au kuandika 0 kwenye core_control, eti simu isijipunguzie spidi. Nakuomba usifanye. Ulinzi ule unaona joto la ndani ambalo mkono wako hausikii, ukiuzima simu itakuwa fasta kwa wiki kadhaa na betri utaibadilisha. Hata ule ujanja wa kulifunga faili la scaling_max_freq kwa chmod 444 ili namba isishuke, ni ule ule.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida. Toa kava unapocheza gemu. Usiweke simu kwenye godoro, inakosa pa kutolea joto. Ndugu zangu wa bodaboda mnaoweka simu kwenye usukani na ramani imewashwa, jua la saa saba linaipiga kioo na kioo chenyewe kiko kwenye mwanga wa juu kabisa, simu hiyo usiiovakloki, tena mi ningeishusha mpaka 1804 mchana na ungeona ramani inakwenda bila kustaki kwa sababu haifiki kwenye joto la kujipunguza ghafla.

Kushusha volti ndo rafiki wa kweli wa kuovakloki. Kama keneli yako inaruhusu utaona faili la UV_mV_table au sehemu ya volti kwenye Kernel Adiutor, shusha milivolti 12.5 au 25 kwa mara moja, fanya mtihani, rudia. Kumbuka ile hesabu ya volti mara volti, ukishusha asilimia 5 tu ya volti unapunguza karibu asilimia 10 ya umeme. Simu zenye volti inayojirekebisha ndani ya chipu, na za Qualcomm nyingi ziko hivyo, hazitakupa faili hilo.

GAVANA

Gavana ni programu ndogo ndani ya keneli inayoamua sasa hivi tukae ngazi gani. Soma scaling_available_governors uone uliyo nayo. Performance inabaki juu muda wote, kwa Dar hiyo ni ya kupimia tu sio ya kuishi nayo. Powersave inabaki chini muda wote. Interactive ndo ilikuwa ya simu nyingi za zamani, inaruka juu ukigusa kioo. Schedutil iliingia Linux 4.7 mwaka 2016, inaangalia mzigo halisi wa viini, na kama keneli yako inayo mi ningeanza na hiyo bila kufikiria mara mbili.

Na kama simu inastaki hata baada ya haya yote, angalia hifadhi. Simu iliyojaa video za magrupu ya WhatsApp mpaka imebaki mega 300 itastaki hata ukiipa gigahezi tatu. Futa, bakiza asilimia 15 au 20 wazi, alafu ndo uhukumu prosesa.

IKIGANDA KWENYE LOGO

Usitumie jazba. Bonyeza kitufe cha kuwasha na cha sauti chini pamoja mpaka iingie fastboot, chomeka kwenye laptop, andika fastboot devices kuhakikisha inaonekana, alafu:

fastboot flash boot boot-nzima.img
fastboot reboot

Kwa simu zenye nafasi mbili za mfumo, boot_a na boot_b, angalia iliyo hai kwa fastboot getvar current-slot. Kama ulikuwa umewasha kile kitufe, ingia TWRP kwenye /data/data ufute folda ya programu ya keneli kabla ya kuwasha.

HATUA YA MWISHO: KUIFANYA IBAKI

Ikishapita wiki nzima bila kuganda hata mara moja, na time_in_state inaonyesha ngazi mpya inatumika kweli, hapo sasa unaweza kuifanya ijiweke yenyewe. Mi situmii kitufe cha programu, natumia faili dogo la Magisk kwa sababu naliwekea subira. Tengeneza faili /data/adb/service.d/spidi.sh uandike:

#!/system/bin/sh
sleep 120
for c in /sys/devices/system/cpu/cpu[0-7]; do
echo 2208000 > $c/cpufreq/scaling_max_freq
done

Zile sekunde 120 ndo muhimu, kila simu ikiwaka una dakika mbili za spidi ya kawaida, zinatosha kufungua terminali na kulifuta faili kama kuna kitu kimeharibika, na TWRP pia inaweza kulifuta. Kwa prosesa ya makundi mawili usiandike namba moja kwa viini vyote, tenganisha. Alafu lipe ruhusa:

chmod 755 /data/adb/service.d/spidi.sh

Riboti, subiri dakika tatu, soma scaling_max_freq. Ikikuletea 2208000 imeshika. Ikikuletea 2016000 angalia ruhusa ya faili kwanza, alafu angalia joto, maana simu ikiwa imetoka kwenye chaji ina nyuzi 42 ulinzi unaweza kuwa ndo umeishusha, iache ipoe alafu soma tena.